Mchawi wa Filamu na Wali wa Posa

Jamani, haya nimemficha hata dada yangu wa tumbo moja, maana kila nikiyakumbuka uso unaniwaka moto, ila leo mmenichokoza wenyewe, basi sikilizeni.

Walikuja hapa Mtawanya watu wa filamu kutoka Dar, filamu ya kutisha, nami nikaomba niigize yule mama anayeuguliwa na mwanawe (kulia najua, muulizeni mume wangu), kijana muongozaji akanitazama juu mpaka chini akasema hapana, huyo tumekuja naye, wewe una sura ya huku, utakuwa mchawi. Nikaangalia waliokuja nao: mama mwema wa Dar, binti mzuri wa Dar, shehe wa kuokoa kijiji naye wa Dar, sisi Warufiji tumebakiziwa ungo na kaniki. Roho ilikataa kabisa, lakini tamaa ya kuonekana ikanishinda, nikajifunga kaniki, nikatoa macho.

Kipande changu, pale mchawi anapowalisha wageni chakula cha uchawi, kikaanza kutembea kwenye simu. Watu walicheka, ila nikaanza kuona mambo: mtu ananisalimia huku anaangalia mikono yangu, nikimshika mtoto shavu mama yake anamvuta taratibu. Nikajiambia ni wasiwasi wangu tu.

Sasa binti yangu Mwanahawa alikuwa anaposwa na kijana wa Umwe, kampenda mpaka kula hali, na wakwe walisema watakuja Jumamosi kumaliza maneno. Wakatokea Jumanne bila taarifa. Nikashuku palepale, wageni wa posa hawawahi bure, hawa wamekuja kunichunguza. Hata hivyo niliingia jikoni, nikapika wali wa nazi na kambale, nikaandaa mkekani, nikasema karibuni. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Shangazi wa bwana harusi, Bi Siwema, akasema kwa upole, "Mega wewe kwanza, mwenye nyumba."

Ndiyo desturi yetu, mwenyeji huonja ili mgeni ale bila shaka, na siku nyingine ningemega kabla ya kuambiwa. Lakini nilikuwa nimefunga, nalipa Ramadhani, na kwa nini mwanamke analipa mnajua wenyewe, nami mbele ya baba mkwe wa binti yangu ningeanzia wapi? Nikasema nimefunga sunna. Baba mkwe akauliza sunna gani ya Jumanne, si ni Jumatatu na Alhamisi? Nikababaika, nikasema na tumbo nalo linauma (mwongo hana kumbukumbu, mimi hata dakika sikumaliza). Wakatazamana. Mume wangu maskini akamega tonge kubwa kuniokoa, baba mkwe akatikisa kichwa, akasema hata yule mchawi wa kwenye simu alimlisha mumewe kwanza, tena walikuwa wanashirikiana.

Akaanza kutafuta kofia yake. Nyuma ya pazia nikasikia Mwanahawa analia, kilio cha kujiziba mdomo na khanga, nikaona ndoa ya mwanangu inatoka mlangoni kwa ajili ya kaniki ya kuazima.

"Nalipa siku zangu za mwezi za Ramadhani," nikasema, tena kwa sauti, mpaka jirani akakohoa.

Wanaume wote wakainamia mkeka. Mume wangu akasahau kutafuna. Bi Siwema peke yake alicheka, akanawa, akala, wenzake wakasema alhamdulillahi, wameshiba tangu nyumbani. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Harusi ilifungwa, nashukuru. Lakini pilau ya harusi ya mwanangu sikuipika mimi. Wakwe walikuja na mpishi wao kutoka Umwe, na masufuria yao, na maji ya kupikia wakabeba kwenye madumu, wakanipa kiti nikae kivulini, eti mama wa bibi harusi apumzike. Na wao ni Warufiji kama mimi, wananijua mimi na watu wangu, lakini wakaiamini simu.

Kwa hiyo nimeapa. Watu wa filamu wakirudi, mchawi watoke naye kwao. Mimi wanipe mama anayepika kwenye harusi ya bintiye, na watu wanakula.