Lori Likipita, Punguza Eko

Ile sauti naisikia hadi leo: nguuuuu, kama ng'ombe aliyefungiwa ndani ya pipa. Ilitoka chumba cha nyuma cha duka la kanda pale Makambako, siku yangu ya kwanza kazini. Nilikuwa nimetoka Mahongole kwa miguu, cheti cha darasa la saba kwenye mfuko wa nailoni, nimekuja kuuza kanda na betri. Niliposikia mlio ule nilijibanza nyuma ya kaunta.

"Usiogope, binti," akasema Bosi. "Hiyo ni springi. Lori limepita barabarani, springi imelia."

Bosi alikuwa mfanyabiashara wa kutoka pwani, Mwislamu mcheshi, mwenye malori yake. Biashara ilipofunguliwa nchini na mitumba ya kila aina ikaanza kuingia, wenzake walikimbilia nguo na baiskeli, yeye akafungua studio nyuma ya duka. Mtaalamu wake tulimwita Fundi Mkuu, Mbena wa Njombe aliyeanzia kwenye kutengeneza redio, mtu wa maneno machache. Huyo ndiye aliyenitoa kaunta. Nilimwambia siku moja kwamba spika ya kushoto inakoroma, akaikagua, akaenda kwa Bosi.

"Huyu Lea ana masikio. Kaunta mtafutie mtu mwenye mikono."

Nilifurahi mpaka nikasahau kula mchana.

Ninyi vijana wa sasa mnayo eko, mwangwi wa kupamba sauti, ya kila namna ndani ya simu. Sisi chumba chetu kilizibwa kwa magunia na trei za mayai ili kelele za stendi zisiingie. Sauti iliyoimbwa humo ilitoka kavu, kama mtu anaongea ndani ya kabati. Ilibidi uijengee nyumba kwa mashine, na mashine za maana bei yake ilikuwa ya nyumba kweli. Tulikuwa na mbili za bei yetu.

Ya kwanza ni hiyo springi. Ni sanduku la bati lenye springi mbili nyembamba, Fundi aliling'oa kwenye amplifaya ya gitaa iliyokufa. Sauti inaingia upande mmoja, inatikisa springi, inatoka upande wa pili imevaa mwangwi. Kwa gitaa na kwa sauti ya mwanamke ni tamu. Ukiipelekea ngoma, inagonga kama sufuria lililoanguka jikoni. Ya pili ilikuwa ya dijitali, Bosi aliipata Kariakoo ikiwa imetumika, kioo chake kimekufa nusu, kwa hiyo tulihesabu mibonyezo ili kujua tumefika wapi. Mwangwi wake mfupi, ule wa chumba kidogo, ulikuwa safi. Ule mrefu uliishia na mchakacho, kama mchanga unamwagwa kwenye bati.

Ufundi wa Fundi Mkuu ulikuwa kutochagua moja. Sauti ilipita kwanza kwenye dijitali, kwenye kile chumba kidogo, ndipo ikaingia kwenye springi ikanyooshwa. Kabla haijafika kwenye springi ilikatwa besi, maana springi haipendi sauti nene. Na mashine za bei poa zina ushuzi wao, ule mvumo wa shshsh. Dawa yake ni kuzilisha sauti ya kutosha, kisha unachorudisha kiwe kidogo. Mashine zote mbili zilirudi kwenye miksa, ile meza ya kuchanganyia sauti, kupitia kitufe kimoja tu cha kuzungusha, kwa sababu nafasi zilikuwa zimeisha. Kitufe hicho kilikuwa kazi yangu.

"Lori likipita, punguza eko," Fundi alinifundisha. Barabara kuu ilikuwa karibu; sakafu ikitetemeka, springi inalia, na kilio kinaingia kwenye kanda. Basi sikio moja kwa mwimbaji, jingine barabarani.

"Na nusu ya malori hayo ni yako, Bosi," Fundi alisema.

"Sasa niyapitishe angani?"

Mjue pia kwamba hatukuweza kuongeza eko baadaye. Mashine yetu ya kurekodi ilikuwa ndogo, eko ilirekodiwa pamoja na sauti. Ikishaingia imeingia, kama sukari kwenye chai.

Ndipo ikaja kwaya kutoka Mlangali, wamepanda lori, wamekaa juu ya magunia ya maharage. Mwimbishaji wao wa kike aliitwa Esta, rika langu. Aliingia akisalimia kila kitu, hadi kipaza sauti: "Kamwene!" Kisha akaniinamia.

"Dada, mimi nipake eko kama mafuta, mpaka visigino. Nataka nyumbani wadhani niliimbia kwenye lile kanisa kubwa la Uwemba."

Nikacheka, nikafungua kitufe. Hata mimi niliota hivyohivyo: kumchukua mtu kwenye magunia na kumweka kanisani.

Fundi Mkuu alinung'unika. "Mtu akikwambia eko ni nzuri, ujue mwimbaji hajamsikia."

"Fundi," Bosi akamjibu, "wanaonunua hawaulizi mwimbaji. Wanauliza eko."

Tulimfuata Bosi.

Wimbo wa mwisho, ubeti wa tatu, Esta akiwa peke yake, nikasikia lori lenye trela linakuja. Nikapunguza. Akaimba mstari mmoja, lori likapita, nikapandisha. Tuliposikiliza, mwalimu wa kwaya alishika kichwa.

"Mbona hapa sauti imekauka? Kama yuko jikoni!"

Alitaka warudie. Lakini nje dereva alikuwa anapiga honi, wingu limeshaziba upande wa Ludewa, na njia ile mvua ikianza haipitiki. Kanda ikatoka hivyohivyo. Bosi aliniambia nimemwaibisha. Esta yeye alicheka tu: "Hapo nimesikika kama ninavyoita mbuzi." Tangu siku hiyo, kila tukikutana, salamu yake ilikuwa, "Lori limepita?"

Baadaye Bosi alifungua studio ya pili Njombe, akanipeleka kuwa fundi, peke yangu, na sweta mbili. Ilikuwa mtaa wa ndani, kati ya bustani za viazi, malori hayafiki. Nilichagua mwenyewe mashine ya tatu, dijitali nyingine iliyotumika; nikaielekeza kulia, springi aliyonipa Fundi kushoto, mwimbaji akasimama katikati ya mwangwi. Kwaya zilikuja hadi wengine wakalala kwa ndugu wakisubiri zamu. Esta alirekodi kanda mbili pale. Sikupunguza hata mara moja.

Kompyuta zilipokuja, studio zikafungwa. Bosi alirudi pwani, Fundi Mkuu tulimzika Njombe, nami nikastaafu Mahongole na lile sanduku la springi.

Mwaka huu alikuja binti mmoja, kanda tatu amezifunga kwenye kitambaa. Ni Neema, mtoto wa Esta.

"Mama mdogo, mama alifariki nikiwa nanyonya. Bibi anasema naongea kama yeye. Lakini humu simsikii mama, nasikia kanisa. Naomba umtoe."

"Nimtoe?"

"Uondoe eko."

Nilimweleza kuhusu chai na sukari. Akauliza kama kompyuta haiwezi. Nikamwambia wanaweza kuikwangua kidogo, ila wanakwangua na mtu mwenyewe. Aliitikia kwa kichwa, akamaliza chai yake, akaziacha kanda. "Labda utapata namna."

Alipoondoka nilikaa. Watu wengi walipita mikononi mwangu, wengine hawapo tena. Nilijitahidi kumjengea kila mmoja kanisa, na kwa bei ndogo niliwajengea makubwa. Sikumwachia hata mmoja mlango.

Nilisikiliza kanda za Njombe kwanza, zile nilizojivunia. Ni nzuri. Esta hayumo. Kisha ya Makambako, wimbo wa mwisho. Ubeti wa tatu ukafika, na ghafla akawa mezani kwangu. Anavuta pumzi kabla ya kuanza. Sauti inapitia puani kidogo, ndivyo Neema anavyoongea kweli. Mwishoni anashuka chini ya noti na anaharakisha, kama aliyeshtukia mlango unafungwa. Mstari mmoja tu, kisha nikausikia mkono wangu wa ujana ukipandisha eko, naye akaenda.

Laiti lile lori lingekuwa na trela mbili.

Niliitoa kanda, nikachomeka kalamu kwenye tundu, nikairudisha polepole, nikaijaribu, nikairudisha tena hadi pale Esta anapotaka kuvuta pumzi, ili Neema aanzie hapo. Ni kanda zile tulizonakili wenyewe dukani, mtu yeyote angeweza kurekodi juu yake. Kwa hiyo nikavunja vile vijino viwili vya juu, maana bila hivyo kanda hairekodiki tena, kimoja baada ya kingine, nikavifagia mezani kwa kiganja.