Kompyuta ya Bosibori, kwaya mbili na mbuzi mmoja

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sokoni Magwagwa, Kaunti ya Nyamira. Kinu cha kusagia mahindi cha jirani bado kimelala, na ndiyo maana Bosibori Nyasani, 56, yuko kazini katika studio yake ya kurekodi nyimbo. Kinu kikishaamka saa tatu, hakuna kinachorekodiwa hapa isipokuwa unga.

Leo hakuna kwaya. Bosibori ameketi mbele ya kompyuta nyeusi isiyo na kifuniko cha ubavuni, akingoja iwake. Inachukua dakika tisa. "Ukiiharakisha inanuna," asema, huku akiifuta vumbi kwa ncha ya leso.

Kando yake, juu ya stuli, yuko Ochoki, fundi wa kompyuta kutoka mjini Kisii. Amekuja kuweka mfumo endeshi mpya. Ni safari yake ya tatu. Mara mbili zilizotangulia alikunywa chai akarudi alikotoka.

"Mama Sheila, leo tunafanya, ama nimekuja chai tena?" amuuliza Bosibori.

"Kwani chai yangu ina shida gani?"

"Chai haina shida. Shida ni hii makumbusho yako."

Makumbusho hayo yalinunuliwa mwaka 2010 kwa bonasi ya majani chai. Mumewe, Makori, alitaka ng'ombe. Bosibori, aliyekuwa mpiga chapa wa barua za watu hapo sokoni, alitaka studio. Wiki nzima hawakusemezana, kisha Makori akasalimu amri. Hadi leo mzee huyo akiulizwa mkewe yuko wapi hujibu, "Ameenda kukamua ng'ombe wake."

Na kwa kweli alimkamua. Mwaka 2013 kwaya zilipanga foleni kutoka Birongo, kutoka Nyamache, hata kutoka ng'ambo ya mto. Nne kwa wiki, shilingi 2,500 kwa wimbo. Ukutani alipigilia magodoro ya zamani kuzuia mwangwi. Nyuma ya studio sufuria ya matoke haikukauka jikoni, maana enzi hizo kinu hakikuwapo, walirekodi kutwa, na mvua ya alasiri ikigonga mabati kazi husimama, na watu thelathini wakisimama bila kazi hula.

"Hapo ndipo ungesikia habari za tarafa nzima," akumbuka, akicheka. "Nani ameposwa, nani amerudi kwao, nani anamtazama mpiga kinanda. Mvua ikiisha, hakuna anayetaka kuimba. Wanataka umalizie hadithi."

Mwezi uliopita alirekodi kwaya moja tu.

Sababu anaijua. Windows 7 iliyokuja na mashine hiyo imezeeka. Kurasa nyingi za mtandao hazifunguki. Wimbo ukikamilika, sharti aubebe kwenye flashi hadi Kisii ukapandishwe mtandaoni huko. "Kwaya za siku hizi wanataka wimbo uwe YouTube kabla hawajafika nyumbani kuvua sare," asema.

Basi kinachomzuia ni nini? Ochoki amemweleza wazi: mfumo mpya hautaitambua kadi ya sauti ya zamani, wala programu anayorekodia haitafunguka. Kadi nyingine ipo, ameileta. Lakini kazi za miaka kumi na mitano, ambazo ndani yake soprano, alto, teno na besi zimekaa kila moja kivyake, lazima zitolewe leo. Zinaweza kutolewa sauti mojamoja, au zikiwa zimeshikana. Baada ya hapo diski inafutwa.

Na hapo ndipo penye mwiba.

Kuna wimbo mmoja humo, "Mlango wa Asubuhi", ulioimbwa mwaka 2011 na kwaya ya Sauti ya Vilimani, watu thelathini na mmoja. Hakukuwa na arusi Magwagwa bila wimbo huo. Miaka minne baadaye kwaya ilipasuka katikati, na kiini cha ugomvi ni mbuzi. Walizawadiwa mbuzi jike kwenye mkutano, wengi wakataka achinjwe, kiongozi wao Mwalimu Masese akampeleka kwake kumfuga. Mbuzi huyo amezaa mara saba, na kila kizazi kinaongeza kesi. Mwimbaji kiongozi, Nyakerario, aliondoka na nusu ya watu.

Sasa kila upande unaandaa sherehe ya miaka kumi na mitano ya wimbo uleule. Wiki iliyopita Masese na Nyakerario wote walibisha hodi, siku mbili tofauti.

"Mwalimu alitaka nimtoe Nyakerario, aweke msichana wake mpya," asimulia Bosibori. "Nyakerario naye akaja na maparachichi. Maparachichi matamu! Akaniambia, 'Mama Sheila, wewe ni dada yangu. Zima zile besi, wananikoroga.'"

Hao wawili ndio wateja wake wa kudumu waliobaki. Akimpa mmoja alichoomba, mwingine atahamia studio za Kisii. Akiwapa wote, anasema, atakuwa amekikata kitambaa ambacho mwenyewe alikishona.

Kompyuta imewaka. Bosibori anafungua wimbo. Sauti zinajaa chumba: kinanda, besi za Masese, kisha Nyakerario akipanda juu yao. Kwa mbali inasikika honi ya lori la majani chai, ambayo haikuwezekana kuitoa.

Anabofya, Nyakerario ananyamaza. Wimbo unabaki kama nyumba ambayo mama amesafiri. Anamrudisha, anazima besi. Nyakerario anaelea peke yake, hana pa kukanyaga.

Ochoki haangalii saa tena. "Sasa nizitoe vipi?"

Bosibori anazirudisha besi. Nje, mwenye kinu anafungua mlango.

"Za wengine wote, toa mojamoja," asema hatimaye. "Hii, itoe ikiwa imeshikana."

"Mama, ukishafuta hakuna mtu atawatenganisha. Hata mimi."

"Ndiyo nataka hivyo. Waliponilipa walikuwa kwaya moja. Risiti ninayo, jina ni moja."

Saa tano, huku kinu kikinguruma, mashine inawaka kwa dakika mbili. Bosibori anaitazama kwa mashaka, kama mtu aliyekuta mtoto wake amenyolewa. "Imekuwa haraka mno," alalamika. Kisha anatuma "Mlango wa Asubuhi" kwenye simu mbili.

Masese anapiga mara moja. "Bosibori, huyu mama bado yumo!"

"Yumo, Mwalimu. Na wewe umo. Sina dawa."

Nyakerario hapigi. Baada ya nusu saa anaandika: *Nilikuwa nimesahau tuliimba vizuri hivi.* Kisha ujumbe wa pili: *Usimwonyeshe Masese.*

Huo ndio mlango mdogo ambao Bosibori anataka kupita. Kadi mpya, asema, haijajaribiwa kwa sauti za watu wengi, na hakuna watu wengi wanaojuana sauti kama wanakwaya hao wa zamani. Amewaita wote Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kurekodi wimbo upya bila malipo. Hakumficha mmoja habari za mwingine. Amewaambia tu kwamba mmoja asipofika, mwenzake ataimba, na wimbo huo ndio utakaopandishwa mtandaoni.

Kati ya wale thelathini na mmoja, watatu wamezikwa na wanne wako Nairobi. Ishirini na wanne anaweza kuwapata. Ameshaazima mabenchi ya kuwatosha.

Jioni Makori anachungulia mlangoni. Ameagizwa atenge ndizi za matoke ya Jumapili hiyo.

"Mkungu mmoja, ama miwili?"

"Miwili," ajibu Bosibori. "Wakigombana watakula sana. Wakipatana watakula zaidi."