Kumtafunia Mdogo Wangu

Sijawahi kuona jambo la kuchukiza kama watu wazima waliopangwa mstari kulamba uchafu wa tumboni mwa mbuzi. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, upande wetu wa Embu, juu ya Kianjokoma, baada ya nyumba zetu kubomolewa na sisi kusukumwa sote katika kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki. Chifu aliamuru kila mwanamke aliyeshukiwa kula kiapo cha wapiganaji wa msituni atapishwe. Ilikuwa mila yetu ya zamani, ya kumtakasa mtu aliyebeba nuksi. Serikali ya kikoloni iliiokota ikaifanya kazi yake. Mganga alichinjiwa mbuzi, akakoroga majani yaliyotafunwa nusu kutoka tumboni mwake, akapita na jani la mgomba mdomoni kwa huyu, mdomoni kwa yule. "Tapika!" Unalamba, unatema chini, unasema umetapika. Hakuna aliyetapika kweli. Mama yangu naye, na mimba yake, alilamba, akatema, akajipangusa kwa mgongo wa mkono.

Aliyetapika ni mimi. Nilikuwa nimesimama na watoto wengine kando ya ua, harufu ile ikanipanda puani, na githeri yote ya jana, mahindi na maharage, ikamwagika mbele ya miguu ya askari wa kijiji, wale tuliowaita homugadi. Nilitarajia kofi. Badala yake mganga akaninyooshea kidole.

"Tazameni huyu mtoto," akasema. "Huyu ndiye ametapika ukweli. Tumbo lake sasa ni jeupe."

Wengi walicheka. Jirani yetu mmoja, mwanamke aliyesifu chochote kilichompendeza chifu, alinishika kichwa akaniita msafi. Nilikuwa msichana wa umri wa kuchunga mbuzi na hakuna mtu aliyewahi kunisifu kwa lolote. Kesho yake nilikunywa uji, nikaenda nyuma ya choo cha shimo, nikatia kidole kooni.

Sitapamba. Kilikuwa choo cha kijiji kile: nzi wa kijani, funza, magogo yaliyolowa mkojo wa kila mtu. Niliinama pale kila nilipokula, na nikitoka nilijiona niko juu ya wengine. Niliwatazama wakila mukimo wa viazi na mahindi ya kupondwa, midomo iking'aa, nikawaona wachafu. Nikabaki mifupa na ngozi, meno yananiuma, nywele zinanyofoka, na moyoni najisifu. Nikikumbuka kiburi kile hata leo nataka kutema mate.

Mama alidhani ni minyoo. Akanichemshia mizizi michungu, nikaitapika nayo. Jirani yule yule aliyenisifu akaanza kunong'ona mtoni kwamba mtoto anayetapika kila siku kuna kitu alichokula, na lisemwalo lipo.

"Kama una dawa, lete," mama akamwambia mbele ya watu. "Kama huna, chota maji uende."

Kisha mama akajifungua mvulana. Mtoto alipoota jino la kwanza, mama akarudishwa kwenye kazi ya kuchimba lile handaki pamoja na wanawake wengine. Walichimba tangu asubuhi hadi jua lilipoinama, na wachanga hawakuruhusiwa kule. Akaniachia ndizi za kuchemsha ndani ya jani. "Mtafunie mdogo wako," akasema. Kwetu ndivyo mtoto alivyolishwa: mkubwa anatafuna mpaka chakula kilainike, anakitoa kwa kidole, anamtia mtoto mdomoni.

Kinyaa! Ndizi inageuka ute, ina vuguvugu la mate yako mwenyewe, halafu kile kinywa chenye jino moja kinakufungukia, udelele unatiririka mpaka shingoni. Lakini niliiweza kazi hiyo kuliko mtu yeyote. Kutoa chakula mdomoni kwangu ilikuwa raha. Kumeza ndiko kulikonitisha. Yeye akanenepa. Mimi nikawa siwezi kupanda mteremko wa mto bila kuketi njiani.

"Siku moja utaanguka naye," mama akaniambia, "nami nitazika wawili."

Hata hilo halikunizuia. Mchana mmoja nilikula kiazi kikuu, nikaenda nyuma ya choo, pale shimo lilipobaki wazi, na mtoto mgongoni. Nikainama, nikatia kidole. Shuka niliyomfungia ikalegea, mtoto akateleza juu ya bega langu, kichwa chini, akielekea shimoni. Nilimdaka mguu. Nilimvuta kifuani nikaketi pale pale kwenye tope, na kiazi kimekwisha kupanda, kimenijaa mdomoni, kichungu.

Hakulia. Aliyatazama mashavu yangu yaliyojaa. Kisha akafungua kinywa.

Alikuwa anangoja kulishwa. Chakula chake siku zote kilitoka kinywani mwangu, angejuaje tofauti? Nilibana midomo, naye akaishika kwa vidole vyake vyenye tope, akijaribu kuifungua. Ningeweza kugeuza uso nikatema kando. Nilimwonea haya. Nikameza. Sijawahi kula kitu kibaya kama kile, na nimekula vya hospitali na vya harusi za wachoyo.

Sikupona siku hiyo. Mtu asikudanganye kwamba ugonjwa wa namna hii hufukuzwa kama kunguru. Kila baada ya chakula koo liliniwasha, na miguu ilitaka kwenda kule nyuma. Nilichogundua ni kimoja tu: nikiwa nimempakata mtoto, siwezi. Basi nikawa nakula naye amefungwa kifuani, tonge langu, tonge lake, kisha naketi na kichefuchefu changu mpaka kitulie. Siku nyingine kilichelewa sana kutulia.

Jioni moja mama alirudi kutoka handakini, udongo mpaka kwenye kope, maziwa yamelowesha nguo yake kifuani. Akanyoosha mikono.

"Mlete nimnyonyeshe."

"Ngoja kidogo," nikasema. "Nimetoka kula sasa hivi."

Nilidhani atauliza. Aliiangalia sufuria tupu, akaniangalia mimi, akashusha mikono. Mtoto alikuwa amemwona, analia, anamtaka, nami nimemshikilia. Mama akaketi chini mbele yangu, akakunja mikono juu ya matiti yaliyojaa, akangoja mpaka nilipomwambia, "Sasa mchukue."