Naitro ya Mangi

Harufu ya petroli ikinipitia puani, kidole gumba changu cha kulia kinaanza kucheza chenyewe. Msinicheke. Hiki kidole kimekimbiza magari kuliko madereva wote wa mabasi ya kusini ukiwajumlisha.

Nachingwea ya utoto wangu umeme ulikuwa kama mgeni mwenye haraka, anasalimia anaondoka. Mangi, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Moshi, alikuwa na kibanda cha gemu ubavuni mwa duka lake, jenereta ipo nyuma. Ikiwashwa hiyo, hata kuku wa kijiji cha Lionja wanaacha kutaga. Watoto tulijipanga kwenye benchi tumebanana, jasho la huyu linakauka kwa yule, wote tunataka gemu la magari.

Utamu wa gemu lile ulikuwa naitro. Unabonyeza kitufe cha padi uliyoshika mkononi, moto unatoka nyuma ya gari, linachomoka mpaka unashika benchi usianguke. Kila mtu aliibonyeza akianza tu. Inaisha, anafika kwenye kona kama kichaa, anabamiza ukuta.

Siku moja Mangi akatutangazia kwamba naitro inakunywa petroli ya jenereta. Atakayeibonyeza ovyo mpaka jenereta ikazima, asikanyage tena pale. Tukaamini. Mimi ndiye niliyeamini kuliko wote, nikawa naibonyeza kwa huruma, kama natia chumvi kwenye mboga ya mgonjwa.

Likizo akaja binamu yangu Tobi kutoka Ruangwa. Mdomo wake ulifika kabla ya basi. Tukawekeana dau: atakayeshindwa anachota maji ya nyumba nzima mpaka shule zifunguliwe. Na kisima chetu kilikuwa mbali, unakwenda mtoto unarudi na mvi.

Tukaanza. Tobi akabonyeza palepale, akapotea. Nikamwambia ataizima jenereta. Akacheka.

"Dada, huku kwenu naitro mnaweka akiba ya kiangazi?"

Kona ya kwanza, ukuta. Ya pili, ukuta. Lakini alikuwa bado mbele yangu. Mimi kwenye kona naachia, napita taratibu, naitro yangu imejaa haijaguswa. Tukaingia mzunguko wa mwisho, barabara imenyooka mpaka kwenye bendera, na jenereta nayo ikaanza kukohoa. Benchi zima likanitazama. Nikibonyeza nafukuzwa, nisipobonyeza nabeba ndoo. Nikachungulia dukani, Mangi anapima sukari. Nikafumba jicho moja, nikabonyeza bila kuachia.

Nilimpita Tobi kwa kasi hadi ile TV ikapata joto. Jenereta ikakohoa, ikajisafisha koo, ikaendelea. Tobi akasema padi yake mbovu. Likizo nzima alibeba ndoo, mimi namfuata nyuma mikono mitupu, namsifia mwendo.

Nilishakuwa mama wa watoto nilipomkuta Mangi sokoni Ruangwa, nikamuuliza ile naitro ilikuwa inakunywa petroli kiasi gani. Akacheka mpaka akakaa juu ya gunia la ufuta.

"Hata tone, mwanangu. Mlikuwa mnabonyeza kama mnatwanga muhogo. Vitufe vya padi zangu vilikuwa vinakwisha, na mpya mpaka niagize Dar."

Kumbe utoto wangu wote nililinda kitufe cha mtu nikidhani nalinda petroli, na kwa uoga huohuo nikajifunza kungoja barabara inyooke. Tobi sijamwambia. Mpaka leo anailaumu padi, na mimi namwitikia.