Kipimo Kilisema Si Malaria

Honorine hakuwa mtu wa kubembeleza. Kwenye mashamba ya mpunga ya tambarare ya Ruzizi wenzake walimfahamu kwa mkono mwepesi wa kupandikiza miche, na mdomo mwepesi zaidi. Akishasema, amesema.

Jumatatu binti yake Alliance, wa miaka saba, alirudi kutoka shule na homa, ameshika kichwa. Kesho yake shingo ilikaza, akaanza kuongea ovyo. Kituo cha afya walimtoboa kidole, kipimo kikasema si malaria. Muuguzi akaandika barua: hospitali, leo hii. Honorine aliikunja tu. Kama si malaria, basi si mbu. Kama si mbu, ni karuho, sumu ya kupewa na mtu. Hapo ndipo alipopotea, wala si peke yake, maana nusu ya mtaa ingefikiri hivyohivyo.

Na Jumapili nani alimlisha mtoto? Wifi yake Georgette, waliyekaa naye ua mmoja. Honorine akamwita mchawi mbele ya watu, kisha akambeba mtoto kwa mganga anayetapisha sumu. Siku mbili Alliance alinyweshwa dawa za mizizi, akatapika mpaka nyongo. Siku ya tatu degedege lilimshika, likakataa kumwachia.

Honorine akamkimbiza hospitalini, ambako dokta Marcellin alimwekea oksijeni na dawa ya kutuliza degedege.

"Maman, kipimo ile inaonaka malaria tu. Iko virusi ingine mbu anabeba, inaingia mu ubongo. Dawa ya kuiua haiko. Tunamusaidia apumue, mwili wake upigane. Mungemuleta siku ya kwanza..." Hakumaliza. "Kwenu maji munaweka wapi?"

"Mu pipa. Robine haitoke maji."

"Munafunika?"

Honorine alitikisa kichwa. Viluwiluwi vya mbu vilicheza mle ndani, naye alivisukuma kando kwa kikombe kila alipochota.

"Muyamwange, musugue pipa, mufunike. Mbu ingine inauma muchana. Mutoto akilala muchana, mumutie mu chandarua."

Honorine akakumbuka nyumbani. Mwanawe wa mwisho, Bienvenu, hulala mchana pembeni ya pipa lile, mwili wazi. Baba yao yuko machimboni, simu haishiki. Bienvenu amebaki na bibi asiyeona, na simu pekee uani ni ya Georgette.

Akaazima simu ya dokta, akapiga.

"Wifi, ni minye. Mwanga maji ya pipa yote. Bienvenu umutoe pale, umutie mu chandarua. Nakuomba."

"Weye ulisema mukono yangu inaua watoto. Leo iguse mutoto wako?"

"Iguse," Honorine alisema, machozi yakimtoka. "Nilikosa, wifi. Iguse."

Georgette akauliza, sauti imeshuka: "Alliance iko aje?"

Honorine alimtazama binti yake. Tangu asubuhi alikuwa akimwita jina, akimwinamia usoni.

"Amefungua macho," alijibu. "Lakini hanijue."