Meza Isiyotaka Sufuria

Namshukuru Mungu kwa kipaimara cha mjukuu wangu. Alijibu maswali ya katekisimu mbele ya usharika bila kutetemeka, na mvua ilisubiri mpaka watu wakashiba. Haya nayasema kwanza, kwa sababu yanayofuata nitayasema kwa hasira.

Meza yetu ya kulia ni ya mringaringa, mti ulioangushwa na upepo katikati ya migomba yetu hapa Nkoaranga. Kila mwaka, kahawa ikishavunwa, mke wangu huyeyusha nta ya nyuki, huichanganya na mafuta ya linsidi ya kupakia mbao, na kuisugua meza hiyo kwa kipande cha kanga kuukuu. Haing'ai. Inapata rangi ya asali nzito, na ukipitisha kiganja unausikia mti wenyewe. Sufuria ya moto ikiacha alama, anasugua tena, alama inapotea.

Wiki moja kabla ya sherehe mwanangu, anayeishi mjini, alikuja na pikapu akaichukua meza. Alisema anakwenda kuikaza miguu. Kumbe aliipeleka karakana moja kule Themi, ikapigwa msasa wa mashine, kisha ikapuliziwa vanishi ya kisasa. Ilirudi asubuhi ya sherehe iking'aa kama gari jipya.

"Baba, sasa hii ndiyo meza ya kupigia picha," alisema.

"Sisi tunakula hapo," nikamjibu.

Akacheka. Nikaenda kupanga viti, maana ilikuwa siku ya mtoto.

Wageni walipokaa, mke wangu alitoka jikoni na sufuria ya machalari, ndizi na nyama bado zinatokota, akaitua mezani, pale pale anapoitua miaka yote. Mkwe wangu, mke wa huyo mwanangu, alipiga kelele iliyowageuza watu wote.

"Mama! Jamani mama, toa! Unaunguza vanishi!"

Akaikwapua sufuria yeye mwenyewe. Vanishi ilikuwa imeng'ang'ania kitako, ikabanduka nayo, likabaki duara jeupe lenye malengelenge.

"Ona sasa! Mama, hii si meza ya kienyeji tena!"

"Leo meza imevaa suti," jirani yangu mmoja akasema. "Haya ndugu zangu, tule sahani zikiwa mapajani."

Watu wakacheka. Mke wangu hakucheka. Alisimama na vitambaa vya kushikia sufuria mikononi, nyumbani kwake, kama mgeni ambaye hajaonyeshwa pa kukaa. Kisha akarudi jikoni, na hakutoka tena mpaka wageni walipoaga.

Jioni hiyo nilimwita mwanangu nje.

"Baba, vanishi inalinda mbao," alianza.

"Inazilinda na nani? Na mama yako?"

Nikamwambia aende kwake, kwa sababu niliuogopa mdomo wangu.

Jumamosi iliyofuata walirudi wote wawili, yeye na mkewe. Mwanangu alikuwa ameshika jani la sale, lile ambalo kwetu mkosaji humpelekea aliyekosewa kuomba msamaha, naye aliyekosewa hana ruhusa ya kulikataa. Akapiga magoti mbele yangu, akaninyooshea.

Hapo ndipo nilipowaka kuliko siku ya sherehe.

"Umekosea mtu! Nani alifokewa mbele za watu, mimi? Kwa kuwa mimi ndiye mwanaume hapa, unadhani ukinituliza mimi mambo yamekwisha? Mama yako yuko jikoni. Na aliyefoka ndiye alibebe."

Mkwe wangu alilichukua lile jani, akaingia jikoni analia. Mke wangu alilipokea kwa mikono miwili, akamwinua, akampa kigoda. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Nimesamehe. Sasa niondolee hilo nailoni kwenye meza yangu."

"Mama, si tungeweka kitambaa tu, kizuri..."

"Nimesema niondolee."

Nilimpa mwanangu kipande cha kioo kilichovunjika, namna maseremala wa zamani walivyokwangua mbao. Alikwangua hadi jioni, vanishi ikitoka kama magamba ya samaki. Chini yake mti ulikuwa mweupe, mgeni. Mashine ilikuwa imekula vile vibonde vidogo vilivyochimbwa na viwiko vyetu, na nta ya miaka yote imekwenda na vumbi lake. Mke wangu alipapasa ubao, akasema itabidi aanze upya. Amezeeka. Nikajiuliza atavuna kahawa mara ngapi tena, hasira ikanipanda upya.

Tulisali Baba Yetu tukiwa tumeizunguka meza. Tulipofika penye kuwasamehe waliotukosea, sauti za wenzangu zilisonga mbele, yangu ikabaki nyuma. Mke wangu akanigonga goti chini ya meza. Nikayasema maneno.

Nayasema kila jioni tangu hapo, na kila jioni namwomba Mungu ayafanye yawe kweli. Sale lilimfunga mke wangu asamehe. Mimi halikunifunga, kwa kuwa nililetewa, na ni mimi niliyelikataa.