Togwa ya Mzee Beda

Pale Mikumi, kando ya barabara kuu, hakuna aliyeweza kumdanganya Scholastica kuhusu chakula. Mchele wa Ifakara aliujua kwa harufu, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni kwa kuvibonyeza tu. Alikuwa akiwapikia madereva wa malori, na ukimletea maharage ya kubabaisha ulirudi nayo mwenyewe, tena umenuna.

Kipaji hicho alikirithi kwa baba yake, Mzee Beda wa Ulaya. Ulaya ya Kilosa, si ile ya Wazungu. Huyo mzee alikuwa balaa! Mpe togwa funda moja, atakwambia kimea ni cha ulezi wake au wa jirani wa bondeni. Watu walimjaribu mpaka wakachoka.

Sasa amelala chumba cha nyuma ya mgahawa, hali kitu. Wali kakataa, supu kakataa.

"Togwa," alisema. "Ya ulezi wa kwetu."

Daktari alishasema apewe chochote anachotamani, na Scholastica alielewa maana yake. Alitaka ampatie hicho kimoja tu kabla mzee hajaondoka duniani. Akampigia simu mdogo wake, Fortunatus, huko Ulaya.

"Dada, nani analima ulezi siku hizi?" Fortunatus alishangaa. "Wote tumehamia kwenye ufuta. Hata mbegu hatuna."

Scholastica akakaa juu ya ndoo, akalia. Jamani, barabara inamletea vyakula vya nchi nzima mpaka mlangoni, halafu cha kwao hakipo!

Elikana, dereva wa Songea, alimhurumia akamletea ulezi wa huko kwao.

"Mzee atanikamata tu," Scholastica alimwambia. "Lakini nitafanyaje?"

Akauloweka, akaufunika kwa gunia lenye maji mpaka ukachipua. Akauanika, akausaga, akauchanganya kwenye uji wa mahindi uliopoa. Togwa ilipokuwa tayari, akampelekea baba.

Mzee Beda akamung'unya taratibu, kafumba macho.

"Hii ndiyo yenyewe," akasema. "Ulezi wa shambani kwangu kabisa. Asante, mwanangu."

Scholastica akabaki na kijiko mkononi, hajui akiweke wapi. Si bora angemgombeza! Angeimwaga hiyo togwa, angemwita mwongo, naye angejua baba yake bado yupo.

"Ndiyo, baba," akajibu. "Ni wa kwetu."

Akamchotea kijiko kingine.